Vyuma vya Siku ya Sabato

Mnaniuliza kama kazi ile ilinipa furaha. Ai, vijana, maswali mengine mnayatoa wapi? Haya, kaeni. Wewe mwenye kitambulisho shingoni sogea hapa karibu, sauti yangu si ile ya zamani. Naambiwa mnasomea vifaa vya watu wenye ulemavu, na kwamba siku hizi mna mashine inayopima mguu bila hata kumgusa mwenye mguu. Sawa. Mimi kazi hiyo niliifanya Homa Bay miaka ya tisini kwa penseli, karatasi ya kaki na msumeno wa chuma. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya hospitali ya misheni, ukishapita chumba cha maiti. Mzazi akija na mtoto mara ya kwanza anauliza njia, anaambiwa nenda mpaka mochari halafu pinda kushoto. Kuna waliogeuka hapo hapo wakarudi kwao, na siwalaumu.

Jina langu ni Robi, Mkuria wa Kehancha. Wajaluo waliniita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na Kijaluo changu kiliwachekesha hata wale waliokuja wakilia. Hiyo ilinisaidia sana. Mtu akishakucheka, anakunyooshea mguu bila woga.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odongo, fundi wa ngozi. Polio ilimpata utotoni, na chuma cha kuushikilia mguu wa kushoto alijitengenezea mwenyewe, akitembea unasikia kwanza mlio wake ndipo unamwona. Alikuwa mkali, haki ya Mungu. Siku yangu ya kwanza nilichuchumaa mbele ya mgonjwa nikaanza kuupima mguu wake, na Odongo akanichapa mkono kwa kipande cha ngozi.

"Nani amekwambia uanze na mguu? Mguu unaweza kukudanganya. Geuza kiatu kwanza."

Akanigeuzia kiatu cha mgonjwa, akanionyesha. Soli ikilika upande wa nje, ujue chuma kimepinda au kifundo kinalala. Ikilika kidoleni peke yake, ujue mishipa ya nyuma imevuta, kisigino hakifiki chini, na usipofanya kitu sasa hivi hakitafika tena. Ikilika sawasawa, mpe mtu mkono, umefanya kazi.

"Na soli ikiwa safi, mzee?" nikamuuliza, nikijifanya mjanja.

"Ikiwa safi, wewe kaa chini ulie tu. Hakuna mtu ametembea hapo."

Tulicheka wote, na mgonjwa pia. Andikeni hilo la kiatu, mashine yenu hailiwezi.

Nitawaambia habari ya Akoth wa Muhuru Bay, maana najua mwalimu wenu ndiyo aliyowatuma muisikie. Alikuwa msichana mdogo aliyetaka kitu kimoja, kupanda kwenda shule kwa miguu yake. Lakini sina haraka ya kufika kwake. Mtanivumilia, nianzie mbali kidogo.

Kulikuwa na viti vya magurudumu. Vilikuja kwenye kontena, vinang'aa, na magurudumu ya mbele madogo membamba ya kutembelea sakafu ya hospitali. Hebu niambieni, Muhuru Bay kuna sakafu ya hospitali wapi? Kule ni mchanga. Gurudumu linazama, mtu anabaki hapo hapo anaangalia ziwa. Kosele nako kulikuwa na mama mmoja muuza viazi vitamu ambaye miguu yake ilikuwa imelala, haina nguvu. Tulimpelekea kiti, wafadhili wakampiga picha akiwa amekaa ndani yake, picha ikaenda Ulaya. Gari lao lilipoondoka, mama akashuka chini, kwa sababu mlango wa nyumba yake ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Niliporudi kumtembelea nikamkuta kuku ameatamia juu ya ule mto wa kiti.

"Mama, kiti kinaendeleaje?"

"Kiti hakina shida, daktari. Kuku amekipenda sana."

Mnacheka. Na mimi nilicheka. Lakini yule mama aliingia ndani akijikokota kwa magoti, na mpaka nastaafu alikuwa bado anajikokota.

Halafu kule kwetu Kehancha kulikuwa na Mzee Chacha, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kidonda kilichooza. Mguu bandia aliopata ulitoka ng'ambo, na rangi yake ilikuwa ya waridi, rangi ya Mzungu aliyekaa juani. Mzee akautazama weee, akasema, "Robi mwanangu, siku nikifa mtanizika na mguu wa nani?" Nikaupaka rangi ya viatu ya kahawia, tabaka baada ya tabaka, ukapendeza. Akaenda nao kwenye mazungumzo ya mahari ya binti wa kaka yake, amevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi. Mvua ikawakuta uani. Rangi ikashuka suruali yote, wageni wakadhani mzee anavuja. Alicheka mwenyewe mpaka akashika ubavu, akawaambia wakwe, "Msiogope, mguu huu ni mgeni, unatoa jasho." Mwaka uliofuata kisiki cha mguu wake kilikonda, mguu ukaanza kumchuna ngozi, na karakana haikuwa na mwingine wa kumpa. Akarudia fimbo. Mnaona jinsi hadithi zangu zinavyoisha? Hata ile ya kuchekesha ukiifuata mpaka mwisho inakuchoma.

Basi, Akoth.

Tulikuwa tunafanya kliniki ya safari, tunapakia vyuma na plasta kwenye Landrova, tunakwenda mpaka Muhuru Bay na kukaa kwenye jengo la kanisa la Wasabato siku za kazi. Mama yake alimleta mgongoni, mtoto ambaye umri wa kubebwa ulishampita, miguu inaning'inia mpaka kwenye magoti ya mama. Chanjo ya polio haikuwahi kumfikia. Miguu yote miwili ilikuwa imelala, lakini ilikuwa bado imenyooka, kwa sababu mama yake alikuwa akiikanda kila asubuhi. Hilo lilinipa moyo kuliko kitu chochote nilichoona safari ile. Mguu wa polio ukiwa umenyooka, unauvisha chuma na mtoto anasimama. Ukishajikunja, una kesi nyingine kabisa.

Akoth alikuwa na mdomo, jamani. Nilipomlaza juu ya karatasi ya kaki nichore umbo la miguu, akaniuliza kama nitamchora na kichwa. Halafu akaniuliza lile swali lake.

"Nikivaa hivyo vyuma, nitafika shule?"

Shule ilikuwa juu ya kilima, njia ni mawe matupu. Nyumba yao ilikuwa chini, karibu na mahali ambapo omena, wale dagaa wa ziwa, inaanikwa. Kila asubuhi aliwasikia watoto wakiimba juu kule, na nyimbo zao zote alizijua. Nikamwambia ndiyo, utafika, kwa magongo na polepole. Na sikuwa nadanganya. Kwa miguu ile angefika.

Baba yake alikuwa fundi wa mashua. Tulipoleta vyuma vikiwa tayari alivishika kabla ya mtu yeyote, akapitisha kidole kwenye ribiti na kwenye viatu vilivyoungwa chini yake, akafungua na kufunga ile kufuli ya goti, akanusa mikanda ya ngozi ya mapajani aliyoshona Odongo. "Hii kazi ni safi," akasema. "Mtu aliyefanya hii anajua. Lakini hewa ya ziwa itakila hiki chuma." Nikampenda palepale. Fundi mwenzangu, nikajua vifaa viko kwenye mikono mizuri.

Tulimvisha. Tukamfungia kufuli za magoti, tukamwinua. Akoth akasimama katikati ya kanisa, ameshika benchi, anatetemeka kama mwanambuzi, akamgeukia mama yake na kumtazama kutoka juu mpaka chini.

"Yaye, mama! Kumbe wewe ni mfupi!"

Kanisa zima lilivunjika mbavu. Mama yake akalia. Odongo naye akatoka nje, eti anaangalia tairi ya gari.

Nikawakalisha wazazi. Nikawaambia kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kijaluo changu kibovu, nikamwomba mama mmoja wa kanisa arudie kwa Kijaluo kizuri. Mtoto avivae kila siku, kutwa. Akikaa, amevivaa. Akichambua omena, amevivaa. Vyuma hivi havimsaidii kutembea tu, vinauzuia mguu usijikunje, na asipovivaa mishipa ya nyuma ya goti itavuta. Wakaitikia. Baba akaitikia zaidi ya mama.

Halafu akasimama chifu. Hatukumwalika, lakini chifu alikuwa haalikwi. Akashika kipaza sauti ambacho hakikuwa na umeme, akahutubia. Kwamba hii ni mali ya wafadhili. Kwamba imetoka mbali. Kwamba atakayeharibu au kupoteza atamwona yeye ofisini, na wageni wakirudi wakakuta vifaa vimechakaa, sehemu yote itaaibika na haitaletewa kitu tena. Watu wakapiga makofi. Maneno yangu yalikuwa ya mwanamke, tena Mkuria. Ya chifu yalikuwa ya chifu. Nikipita leo mahali alipokuwa amesimama, bado damu inanichemka.

Tulipanga kurudi baada ya muda mfupi kuangalia. Hatukurudi. Kwanza ikaja ile mvua waliyoiita El Nino, barabara ya kwenda Muhuru ikawa mto, madaraja yakaondoka. Mvua ilipokwisha Landrova ikawa imekufa injini. Na kabla injini haijapatikana Odongo akaanza kukohoa. Mnajua miaka ile Homa Bay ilikuwaje, au wazazi wenu wanajua. Kila wiki kulikuwa na mtu wa kumsindikiza kaburini, na hatukutaja ugonjwa kwa jina. Alikonda mpaka kile chuma chake kikawa kinazunguka mguuni. Nilitaka kukipunguza, akanikataza, akasema ngozi iliyobaki ni ya watoto. Tulipomzika hakukuwa na mwingine wa kushona ngozi, nikajifunza mwenyewe, vibaya, nikilia juu ya sindano.

Siku tuliyofika tena Muhuru Bay shule zilikuwa zimefunguliwa na mwaka mpya ulikuwa umeanza. Baba Akoth alituona kutoka kwenye mashua aliyokuwa anaipiga misumari, akaja mbio. Hajawahi mtu kufurahi hivyo kuniona.

"Nyar Kuria! Karibu, karibu! Tulikuwa tunakungoja. Njoo uone jinsi tumetunza."

Akaniingiza nyumbani. Akavuta sanduku la mbao chini ya kitanda, lile ambalo watu wa kule huwekea nguo za Sabato na vyombo vya wageni. Akatoa furushi la kitambaa kilicholowa mafuta. Akalifungua taratibu juu ya meza.

Vyuma vilikuwa vinang'aa. Hakukuwa na alama ya kutu hata moja. Ngozi ilikuwa laini, kufuli zilipakwa grisi ya injini ya boti. Vilikuwa vizuri kuliko siku tuliyovitoa karakana.

"Anavivaa lini?" nikamuuliza.

"Sabato. Kila Sabato, haachi. Namvisha mimi, nambeba mpaka mlango wa kanisa ili mchanga usiingie kwenye kufuli, halafu anasimama na kwaya ya watoto. Ungemwona!"

"Na siku nyingine?"

Akanitazama kama mtu anayemweleza mwenzake jambo jepesi. "Siku nyingine vinapumzika. Njia ya shule ni mawe, fundi, wewe umeiona. Angevivaa kila siku hapa kwenye mchanga na chumvi ya samaki, vingefika siku ya shule vimekwisha. Nilisema nitamwekea. Siku ya kwanza ya shule apande navyo vikiwa vipya." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Sasa shule imefunguliwa, lakini Sabato hizi za mwisho vimekuwa vinakataa kidogo. Nafikiri ni kufuli. Nilijua ukija utarekebisha."

Akoth akaingia. Alikuja kwa mikono na magoti kutoka kule kwenye omena, magamba yamemganda viganjani. Alikuwa amekua. Alicheka kuniona, akanisalimu kwa lafudhi yangu mwenyewe, kunikejeli, kama alivyozoea. Nikamlaza mkekani nikashika goti lake la kulia, nikavuta polepole. Likaja nusu, likagoma. La kushoto likagoma mapema zaidi. Nyonga nazo zilikuwa zimevuta. Kufuli hazikuwa na kosa lolote.

Vijana, kuna kitu shule haitawafundisha, nacho ni jinsi ya kumwambia baba wa namna ile. Mwizi ningemtukana. Mlevi aliyeviuza ningempeleka kwa yule chifu wake. Lakini huyu alikuwa ameketi mbele yangu anangoja nimsifu. Nikamwambia. Nikatafuta maneno laini, Kijaluo kikaniishia, nikamwambia kwa Kiswahili tu kwamba miguu imejikunja kwa sababu ilikaa bila vyuma. Mama Akoth akatoa sauti moja, "Woi," akakaa chini kwenye sakafu. Baba akasogea mezani. Alivifunga vyuma upya kwenye kile kitambaa, akasahau fundo akalirudia.

Tukamchukua Akoth na mama yake tukaenda nao Homa Bay. Tulimfunga plasta miguu yote miwili, na kila wiki tukaikata, tukanyoosha kidogo, tukafunga tena. Inauma, nawaambia ukweli, inauma vibaya. Aliimba. Ule wimbo wa watoto wa shule ya kule juu, wote, mpaka anasaga meno katikati ya ubeti. Na ilikuwa inafanya kazi! Goti la kulia lilikuwa linakaribia kabisa. Akawa ananiuliza kila ninapokata plasta, "Leo imefika shule?" Namwambia leo imefika kwenye lile jiwe kubwa la chini. Wiki nyingine namwambia imefika kwenye mti. Tulikuwa tunapanda naye kile kilima pale kitandani.

Halafu wafadhili wakaondoka. Hivyo tu. Walikuwa wamepata nchi nyingine yenye shida kuliko yetu, tukaambiwa tushukuru kwa miaka tuliyopata. Plasta ikaisha stoo. Daktari wa kukata mishipa iliyovuta, aliyekuwa anakuja mara moja moja, gari la kumleta lilikuwa la wafadhili. Nilizunguka hospitali za Migori nikiomba plasta, wakanionyesha rafu tupu wao pia. Nikamkata Akoth plasta ya mwisho na sikuwa na ya kumfunga. Akaniuliza kama imefika shule. Nikamwambia tupumzike kwanza kwenye mti.

Akarudi kwao. Ukinyoosha mguu na usiushikilie, unarudi ulikotoka, na huu ulirudi. Shule alikwenda baadaye, darasa moja au mawili, mgongoni mwa mama yake, mpaka mgongo ukachoka. Leo ni mama mtu mzima, anachambua omena pale pale kwa wengine. Najua, nilikwenda kumwona. Aliniiga tena lafudhi.

Kwa hiyo mnaponiuliza habari ya furaha, sijui niwaambie nini. Kuna waliotembea, nisiseme uongo, na wako. Lakini ninapolala siwaoni hao.

Mwezi ule kabla karakana haijafungwa kabisa, nilikuwa peke yangu natoa mashine ukutani. Nikasikia hodi. Ni Baba Akoth, kutoka Muhuru Bay mpaka Homa Bay, amebeba gunia begani. Alikuwa amezeeka. Akakataa kiti, akafungua gunia pale juu ya meza ya Odongo, akakunjua kile kitambaa cha mafuta.

"Akoth amesema vikae hapa," akasema. "Mumpe mtoto mwingine, ambaye miguu yake bado imenyooka."

Chuma cha mguu ni cha mtoto mmoja, tena cha mwaka mmoja wa mtoto huyo. Hakuna mguu mwingine duniani utakaoingia pale. Hilo alikuwa halijui, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia jambo la pili. Nikasema ero kamano, asante.

Labda aliona uso wangu akadhani navitilia shaka. Akachukua kiatu kimoja, akakigeuza juu chini, akanisogezea karibu na macho nione vizuri, kwa fahari, fundi kwa fundi.

"Angalia mwenyewe, nyar Kuria," akasema. "Soli haijaguswa."